Benki Ikivamiwa Mtandaoni, Nani Aambiwe na Ndani ya Saa Ngapi?

Toleo hili tumelitengea swali ambalo wasomaji wetu wameliuliza kwa njia mbalimbali: taasisi ya fedha ikigundua kwamba mfumo wake umeingiliwa, inapaswa kumwambia nani, kwa haraka gani, na itajiandaaje ili siku hiyo isiikute imelala? Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi pamoja na ya taasisi zao hayakuchapishwa.

Ndugu Mhariri, mimi ni afisa wa teknolojia katika benki moja mjini Nakuru. Ijumaa moja jioni niliona akaunti ya msimamizi wa mfumo ikitumika ilhali mwenyewe alikuwa likizoni na simu yake imezimwa. Mkuu wangu alisema tuchunguze hadi tuwe na uhakika, ndipo tupeleke taarifa Benki Kuu wiki iliyofuata. Je, alikuwa sahihi?

Hakuwa sahihi, ingawa namwelewa, kwa sababu hakuna meneja anayependa kumpelekea mdhibiti habari nusunusu. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya kuhusu usalama wa mtandao kwa sekta ya benki, uliotolewa Agosti 2017, unaitaka benki itoe taarifa ndani ya saa 24 kuhusu tukio lolote linaloweza kuathiri kwa uzito huduma kwa wateja, sifa yake au hali yake ya kifedha. Mwongozo huo hausubiri hasara itokee. Mbali na taarifa hiyo ya dharura, kila robo mwaka benki hupeleka ripoti ya matukio iliyoyapata na namna ilivyoyashughulikia.

Benki Kuu si mlango pekee wa kubishwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 kinamtaka anayeendesha mfumo wa kompyuta aijulishe kamati ya kitaifa iliyoundwa na sheria hiyo, ndani ya saa 24, kuhusu mashambulizi na uvamizi. Anayepuuza anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au kupewa adhabu zote mbili. Na iwapo taarifa binafsi za wateja zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wateja hao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu benki ilipofahamu. Tukio moja, kwa hiyo, linaweza kuanzisha makataa matatu yanayohesabika kwa pamoja, na hakuna hata moja kati ya hayo linalosimama kwa sababu ni Jumamosi.

Taarifa ya kwanza haidai jina la mwizi wala hesabu kamili ya hasara. Inatosha ieleze kilichoonekana, saa kilipoonekana, mifumo iliyoguswa kwa kadiri inavyojulikana, hatua zilizokwisha kuchukuliwa, na mtu wa kupigiwa simu usiku huohuo. Yatakayogunduliwa baadaye yataletwa baadaye, hata ikiwa ni kusema kwamba hofu ya mwanzo haikuwa na msingi.

Wakati taarifa inaandikwa, linda ushahidi. Fungeni akaunti ile ya msimamizi, na muitoe katika kila mfumo ambao imeingia na bado iko wazi, lakini kompyuta inayoshukiwa msiizime kwa papara, kwa sababu vielelezo vingi vimo katika kumbukumbu yake ya muda, navyo hupotea mashine ikizimwa. Chomoeni waya wa mtandao, zimeni Wi-Fi, pigeni picha ya skrini, andikeni saa, na mtoe mapema nakala ya rekodi za mfumo kabla rekodi mpya hazijaandikwa juu ya zile za zamani. Nimeona fundi mwenye nia njema akiisafisha mashine na kuiweka upya ili kazi iendelee Jumatatu, na kwa kufanya hivyo akafuta njia yote aliyopitia mvamizi.

Naomba kuuliza. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu Dar es Salaam. Benki ikisema imedukuliwa, si itakuwa inajianika, wateja wakimbie? Kwa nini isimalize mambo yake kimyakimya?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kumpa taarifa mdhibiti si kuitisha mkutano na waandishi wa habari. Taarifa hizo hupelekwa kwa siri, na uamuzi wa kuutangazia umma hufanywa kwa utaratibu wake. Lakini swali lako lina uzito kuliko hapo, na jibu bora ninalolijua ni yaliyotokea katika nchi tatu kati ya mwaka 2015 na 2016.

Januari 2015 wezi waliiingilia Banco del Austro ya Ecuador, wakatuma kwa jina lake maagizo ya malipo kupitia SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumia kupelekeana maagizo hayo. Takriban dola milioni 12 zilihamishwa kutoka akaunti yake iliyokuwa katika benki ya Wells Fargo nchini Marekani. Mwishoni mwa mwaka huohuo Tien Phong Bank ya Vietnam ilifaulu kuzuia maagizo bandia ya zaidi ya yuro milioni 1 yaliyotumwa kwa njia inayofanana. Habari za benki hizi mbili hazikujulikana kwa upana hadi Mei 2016, na SWIFT yenyewe ilisema kwamba haikuwa imejulishwa kuhusu tukio la Ecuador.

Ndani ya kimya hicho ndipo ilipofika zamu ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari 2016, maagizo 35 ya jumla ya dola milioni 951 yalitumwa kwa jina la Benki Kuu ya Bangladesh kwa Federal Reserve Bank of New York, sehemu ya benki kuu ya Marekani, ambako Bangladesh ilikuwa na akaunti. Wezi walikuwa wamepanga kalenda yao vizuri: Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi, New York hufunga Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ya tarehe 8 ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Manila, Ufilipino, fedha zilikokuwa zinaelekea.

Benki hiyo ilikuwa na printa iliyochapa yenyewe kumbukumbu ya miamala ya SWIFT. Ijumaa asubuhi printa ilikuwa haijatoa karatasi. Wafanyakazi walidhani ni hitilafu ya kawaida, kumbe programu hasidi ilikuwa imeizuia isichape ili miamala ya usiku isionekane. Ilipofufuliwa, ilianza kutoa ujumbe kutoka New York uliouliza maswali kuhusu maagizo ambayo hakuna mtu Dhaka aliyekuwa na habari nayo, na kufikia wakati huo ofisi za New York zilikuwa zimefungwa kwa wikendi.

Maagizo 5 yalipita, ya jumla ya dola milioni 101. Dola milioni 20 zilizopelekwa Sri Lanka zilirudishwa kwa sababu jina la mpokeaji lilikuwa limeandikwa kwa makosa ya tahajia, na mfanyakazi wa Deutsche Bank, benki ambayo malipo hayo yalipitia, akauliza. Dola milioni 81 ziliingia katika akaunti za tawi moja la benki ya RCBC huko Manila. Ombi la kuzizuia lilitumwa siku ya sikukuu. Siku iliyofuata sehemu kubwa ikatolewa, na nyingi zikapotelea kwenye kasino, ambazo wakati huo hazikuwa chini ya sheria ya Ufilipino ya kupambana na utakatishaji fedha. Waziri wa fedha wa Bangladesh alisema kwamba alizipata habari hizo kwenye vyombo vya habari, karibu mwezi mmoja baadaye. Gavana Atiur Rahman alijiuzulu tarehe 15 Machi 2016.

Haiwezekani kuthibitisha kwamba Dhaka ingeokoka kama Ecuador ingesema. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba mbinu ileile, ya kuvaa sura ya mfanyakazi halali na kutuma agizo lenye muundo sahihi, ilikuwa imetumika zaidi ya mwaka mmoja kabla, na benki nyingi zilizohitaji kuijua hazikuijua. Baadaye mwaka huohuo wa 2016 SWIFT ilianzisha mpango wa usalama wenye masharti ya lazima kwa wateja wake, ambao kila mwaka hutakiwa kuthibitisha kwamba wanayatimiza, na ikazihimiza benki zipashane habari za mashambulizi. Benki inayomaliza mambo yake kimyakimya inaweza kulinda sifa yake kwa miezi michache. Gharama ya kimya hicho huilipa benki nyingine, pamoja na wenye akiba ambao hawakushirikishwa katika uamuzi huo. Wewe utakuwa mhasibu, pengine mkaguzi. Utakapokuta kwenye vitabu hasara iliyopewa jina la hitilafu ya mfumo, ulizia taarifa ya tukio iliyopelekwa kwa mdhibiti, na uangalie tarehe yake.

Mimi ni meneja wa Sacco ndogo Kisumu. Mfumo wetu wote tumekodi kwa kampuni ya nje. Mwezi uliopita huduma ya kutoa fedha kupitia simu ilikatika siku nzima, na kampuni hiyo ikatuambia tu kwamba ni "tatizo dogo la kiufundi". Kama ulikuwa uvamizi, wajibu ni wa nani?

Mbele ya wanachama wako, wajibu ni wako. Unaweza kukodi seva, programu na mafundi, lakini dhamana uliyopewa na wenye hisa hukodishi.

Jirani zetu wa Uganda walilionja jambo hili Oktoba 2020, pale Stanbic Bank, MTN na Airtel zilipotoa taarifa ya pamoja kwamba mtoa huduma wa nje alikuwa amepatwa na tukio katika mfumo wake, na huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zikaathirika. Benki moja na mitandao miwili mikubwa ya simu ilikwama kwa sababu ya mhusika mmoja aliyekaa katikati, ambaye wateja wengi hawakujua hata kwamba yupo. Nazipongeza kampuni hizo kwa jambo moja: zilisema mapema, na zilisema kwa sauti moja.

Kwa upande wa taarifa binafsi, sheria ya Kenya inamtaka anayechakata data kwa niaba yako akujulishe bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48 tangu alipofahamu kuhusu uvujaji. Huo ndio ukingo wa mwisho wa kisheria, na kwa taasisi inayoshika fedha za watu ni mrefu mno. Fungua mkataba wako leo usome. Ukikuta hauna saa za kutoa taarifa, hauna haki yako ya kupewa rekodi za mfumo, hautaji kampuni nyingine ambazo mtoa huduma naye amezikodi, wala hauna namba ya simu inayopokelewa usiku wa manane, basi huna mkataba wa huduma ya fedha, una risiti ya kukodi programu. Dai nyongeza ya maandishi kabla ya kulipa ankara inayofuata, na ukiwa na Sacco nyenzako zinazotumia mfumo huohuo, nendeni pamoja, kwa maana mteja mdogo akidai peke yake huambiwa asubiri.

Kuhusu lile "tatizo dogo", andika barua ukiulizia chanzo chake, saa lilipoanza na kama kuna mtu asiyeruhusiwa aliyeingia. Wakishindwa kujibu kwa maandishi, peleka jambo hilo kwa mdhibiti wako, SASRA, pamoja na nakala ya barua uliyowaandikia.

Mheshimiwa Mhariri, niko idara ya vihatarishi katika benki moja Arusha. Tuna mpango mnene wa kukabiliana na matukio ya mtandao, umeidhinishwa na bodi. Je, hiyo inatosha?

Mpango ulioidhinishwa ni mwanzo mzuri. Tesco Bank ya Uingereza nayo ilikuwa na taratibu zake zilizoandikwa. Saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Novemba 2016, wezi walianza kuzishambulia akaunti za wateja wake kwa miamala ya kadi, mingi ikitokea Brazil. Wafanyakazi wa zamu walitakiwa kumpigia simu mtaalamu wa udanganyifu aliyekuwa tayari kuitwa. Badala yake walituma barua pepe kwenye sanduku la idara. Zilipita saa 21 tangu shambulio lianze kabla ya kikosi kilichohusika kupatikana. Kilipopatikana na kuandika kanuni ya kuizuia miamala hiyo, kilitumia msimbo wa sarafu ya yuro mahali palipotakiwa msimbo wa nchi ya Brazil, na wizi ukaendelea hadi kosa hilo lilipogunduliwa.

Wezi walipata pauni milioni 2.26. Oktoba 2018 mamlaka ya udhibiti ya Uingereza, FCA, iliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 16.4. Faini ingefika takriban milioni 33.6 kama benki isingepewa nafuu kwa kushirikiana kikamilifu na mdhibiti, kuwarudishia wateja fedha zao na kukubali kosa mapema.

Kwa hiyo fungeni kabrasha na mfanye zoezi. Chagueni usiku wa Jumamosi, msiwaambie watu wa zamu, kisha mpime muda unaopita kutoka dalili ya kwanza hadi mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha malipo apokee simu. Jaribuni pia nakala rudufu za data: zirudisheni kwenye seva tupu, mtoe salio la wateja, mlilinganishe na vitabu. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haiwezi kutegemewa, na nakala iliyounganishwa na mtandao uleule itafungwa pamoja na mfumo wenyewe na wadukuzi wanaofunga data ili walipwe fidia. Orodha ya namba za simu za dharura iwe pia kwenye karatasi, kwa sababu siku mfumo utakapofungwa, orodha iliyomo ndani yake itakuwa imefungwa nayo.

Nafanya kazi katika kampuni ya kutuma fedha nyumbani Afrika, tuko Brussels. Je, sheria mpya ya Ulaya inatuhusu?

Ikiwa kampuni yenu ina leseni ya taasisi ya malipo, jibu ni ndiyo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu uimara wa mifumo ya kidijitali katika sekta ya fedha, iitwayo DORA, ilianza kutumika tarehe 17 Januari 2025, na haikuishia kwa benki. Tukio likishawekwa katika daraja la matukio makubwa, taarifa ya awali hupelekwa ndani ya saa 4, na kwa vyovyote kabla ya saa 24 tangu mlipolifahamu. Taarifa ya kati hufuata ndani ya saa 72 baada ya ile ya awali, na ripoti ya mwisho ndani ya mwezi mmoja baada ya taarifa ya kati. Muda ukiisha siku ya mapumziko, baadhi ya taasisi huruhusiwa kuwasilisha hadi saa 6 mchana wa siku ya kazi inayofuata, lakini nafuu hiyo haizihusu benki. Napenda utaratibu huo wa ngazi tatu, kwa sababu unakubali kwamba saa ya kwanza hakuna anayejua yote.

Mimi ni mama wa nyumbani Mombasa, nina akiba yangu benki. Zikivuja taarifa zangu, nitaambiwa?

Mama, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema uambiwe kwa maandishi ndani ya muda unaofaa, pale uvujaji unapoleta hatari ya kweli ya kukudhuru. Kuna hali zinazoruhusu kukucheleweshea habari hiyo, kwa mfano uchunguzi wa jinai ukiendelea, au kutokuambia kabisa, iwapo data ilikuwa imefichwa kwa njia ambayo aliyeichukua hawezi kuisoma. Ukiamini kwamba umenyimwa habari zako, lalamika kwanza benki kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, kisha uende kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90. Na usisubiri barua ya benki kama laini yako ya simu imepoteza mtandao ghafla bila sababu, kwa maana huenda mwizi ameihamishia kwenye simu yake: nenda kwa jirani, azima simu, pigia benki wafunge akaunti.

Mimi ni karani wa kaunta. Wiki hii nilifungua kiambatisho cha barua pepe kilichoonekana kuwa ankara, skrini ikapepesa, kisha hakuna kilichotokea. Nikisema nitafukuzwa. Nifanyeje?

Sema leo, kabla hujamaliza kuusoma ukurasa huu. Mpigie simu afisa wa usalama wa mifumo, usimwandikie barua pepe, kwa sababu kama kuna mtu ndani ya kompyuta yako huenda anaisoma. Mweleze siku na saa uliyofungua, kiambatisho kilikuwa na jina gani, na mifumo uliyoingia tangu wakati huo. Barua yenyewe usiifute. Baada ya simu, andika maelezo yako kwa mkono, utie tarehe na saa uliyotoa taarifa, umpe msimamizi nakala na nyingine ubaki nayo.

Na kwa mameneja wanaoisoma barua ya karani huyu: yuko katika kila benki, na muda anaosita kunyanyua simu mmempangia ninyi, kwa namna mlivyomtendea mtu wa mwisho aliyejitokeza kusema. Andikeni katika kanuni zenu za kazi kwamba anayetoa taarifa mara moja haadhibiwi kwa kubofya, muwasomee wafanyakazi wote kanuni hiyo, wakiwemo walinzi na wanafunzi wa mazoezi, na siku mtu wa kwanza atakapokuja, mtimize.